Vichwa Nusu vya Mama Kinyozi

Asubuhi ile Mama Kinyozi alimnyoa mumewe kidevu uani, kama asubuhi zote. Maji ya moto kwenye bakuli la bati, kipande cha sabuni, wembe mpya. Mumewe, fundi viatu, alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, taulo shingoni, uso juu kama mtu anayengoja mvua.

"Usicheke, nitakukata."

"Sijacheka."

"Unataka kucheka. Nakujua."

Alipomaliza alimpangusa povu la sikioni kwa kidole gumba, akamsukuma bega. Ondoka, nina kazi. Wakanywa chai wamesimama, maana stuli zilishahamia dukani siku nyingi. Wakagombana kidogo kuhusu ufunguo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa huyo huyo aliyekuwa akiuulizia, yaani fundi. Wakatoka.

Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yao ya mwisho ya kawaida. Jioni yake mgombea wa vijana aliingia chooni na kipaza sauti, na tangu hapo mpaka Mama Kinyozi anaondoka duniani, hakuna siku iliyokaa sawa.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara. Viti viwili vya kunyolea, kimoja kizima, kingine hakipandi wala hakishuki. Kioo ukuta mzima. Mashine ya umeme ambayo waya wake ulikuwa na plasta nyingi kuliko mgonjwa. Barazani ndipo alipokaa fundi na sanduku lake, gundi, misumari, na viatu ambavyo wenyewe walivisahau. Fundi hakusoma na hakuwa mtu wa maneno. Maneno ya nyumba ile yote yalikuwa ya mkewe, na yalitosha wawili.

Mwaka huo kulikuwa na uchaguzi wa diwani. Diwani aliyekuwapo alikaa sana kwenye kiti, watoto wakadhani Diwani ni jina alilopewa na mama yake. Ndipo akajitokeza kijana mmoja, msemaji, mtanashati, anayepanda jukwaani kwa kuruka. Kila hotuba aliianza kwa kuuliza, "Tumejaa chaji?" Vijana wakaitika, "Tumejaa!" Jina likamganda, Chaji. Alinyoa pembeni, akaacha nywele juu, na juu ya kila sikio mstari wa radi. Haikupita muda kila kijana wa mtaa akawa anakuja kwa Mama Kinyozi anagusa sikio. "Mama, niwekee radi." Akaweka radi mpaka vidole vikafa ganzi.

Na ni yeye aliyewapeleka kujiandikisha. Alifunga duka asubuhi moja akawatanguliza mbele, wavulana kwa wasichana, kama kuku na vifaranga. Hakuwaambia wamchague nani. "Pateni kadi kwanza," alisema. "Mengine mtajijua."

Sasa ile jioni ya mdahalo. Uwanja ulijaa. Diwani alisoma karatasi yake, watu wakapiga miayo. Akaja Chaji, akaruka jukwaani, kelele hadi mbinguni. Muulizaji akamwuliza swali moja tu, "Ukichaguliwa, kitu cha kwanza utafanya nini?"

Chaji akafungua mdomo. Akaufunga. Akaomba maji. Akanywa chupa nzima. Akaomba nyingine. Ilipokwisha akanywa ya Diwani. Kisha akanywa ya muulizaji. Halafu akasema, "Samahani, nakuja," akateremka, akaingia choo cha uwanja. Kipaza sauti kilikuwa bado kimebanwa kwenye kola ya shati lake.

Uwanja mzima ukasikia mlango. Ukasikia maji, kwa muda mrefu. Kisha simu inapigwa, na sauti ndogo kwenye spika kubwa:

"Mama, njoo unichukue. Hawa watu wananitazama."

Hakurudi. Alipita dirishani, akaenda kwao. Kesho yake watu wake walitangaza kwamba mgombea hajajitoa, anatafakari. Jina lake lingebaki kwenye karatasi ya kura. Yeye angebaki kwa mama yake.

Asubuhi hiyo fundi hakunyolewa. Walipofika dukani, vijana walikuwa wamejaa mlangoni. Wa mbele alikuwa yule waliyemwita Spika, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za kampeni na hakuhitaji chombo. Alikaa kwenye kiti kizima bila salamu.

"Mama, ondoa. Ondoa yote!"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Ondoa!"

Mama Kinyozi akawasha mashine, akaanzia kulia. Spika alisema mfululizo, amedanganywa, wanasiasa wote ni wale wale, kadi yake ataifanya kijiti cha meno, siku ya kura atalala mpaka jua lizame. Wenzake mlangoni wakaitikia kama zamani. Upande wa kulia ulipokuwa umebaki ngozi tupu, na wa kushoto radi ingali inawaka, umeme ukakatika.

Basi wakakaa, wakisubiri umeme. Mama Kinyozi alisimama nyuma ya kiti, mashine mkononi, anakitazama kile kichwa kiooni. Fundi alimwona kupitia mlangoni. Alimjua mkewe anapokuwa na jambo. Huwa anavuta midomo ndani kama mtu anayeficha peremende.

Umeme ukarudi. Mashine ikanguruma mkononi mwake yenyewe. Akaizima.

"Endelea basi, Mama," Spika akasema.

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini? Tazama!"

"Nusu hiyo ilikuwa ya hasira yako. Haki yako, nimekunyoa. Nusu iliyobaki ni ya kura. Siku hiyo njoo na kidole chenye wino, nakumalizia hapo hapo, na maji ya moto nakuwekea."

Spika alicheka. Akaona anacheka peke yake. Akaruka kitini na shuka la kunyolea shingoni, akavuka barabara mbio mpaka kwa Kinyozi wa Ng'ambo.

Hapo lazima ieleweke desturi ya vinyozi wa mtaa ule. Kichwa kilichoanzwa na mkono mmoja hakimaliziwi na mwingine. Zamani walimalizia. Siku moja kichwa kimoja kilionekana na jeraha, kila kinyozi akasema si upande wangu, wakashikana makoo mpaka wakalala rumande wote, na mwenye kichwa akaenda kuwaletea chakula. Tangu hapo, hakiguswi.

Kinyozi wa Ng'ambo alipomwona Spika anakuja, alitupa taulo juu ya kiti chake.

"Nani kakuanza?"

"Mama pale."

"Basi Mama akumalize. Mimi nina watoto."

Utasema, na wale wengine je, walioona yote haya? Si wangekimbia? Hawakukimbia. Wenye radi mbili mjini walikuwa hawapiti. Watoto waliwafuata wakiimba, "Maji! Mleteeni maji!" Kondakta, muuza vocha, hata bibi kizee dirishani, "Mwanangu, wanakutazama?" Mwenye radi moja angalau alionekana amekwisha anza kutubu. Aibu nusu ni afadhali kuliko aibu nzima. Basi wakaja mmoja mmoja, wakijua kabisa, wakakaa, wakanyolewa nusu, wakatoka wakinung'unika.

Mmoja alijaribu kujimalizia mwenyewe, kwa wembe wa dada yake, mbele ya kioo cha pikipiki. Alitoka na kichwa kama ramani ya nchi mbili zinazogombea mpaka. Wengine wakamtazama, wakaamua kuvumilia.

Msusi wa mlango wa pili alipoona hivyo, naye akaanza. Wasichana wakawa wanatoka kwake nusu wamesukwa, nusu nywele zimesimama kama zimesikia habari mbaya.

Fundi alijaribu kusema. Ilikuwa wakati wa kula.

"Mke wangu, unawafunga watu."

"Nimewafunga wapi? Si wanatembea?"

"Nusu."

"Wewe ulitembea mzima. Ukaenda wapi?"

Fundi akamega tonge. Jambo lenyewe lilikuwa la zamani. Alipokuwa kijana naye alikuwa na mgombea wake, alimbebea kiti kichwani kutoka mkutano hadi mkutano. Wiki ya mwisho yule mgombea alihamia upande wa pili, na kile kiti akahama nacho. Fundi alirudi kwenye sanduku lake, akakuta kiatu cha mteja kinataka soli ya ndani na ngozi imekwisha. Akachukua kadi yake ya kura, akaikata, akaibandika humo, akashona juu yake. Mteja akavaa akaenda zake. Tangu siku hiyo fundi hakusimama foleni yoyote ya kura. Siku za uchaguzi alikuwa akilala na kugeukia ukuta.

"Wakikaa nyumbani mara hii, basi," Mama Kinyozi alisema. "Kura ya kwanza ndiyo ya zote. Mimi nimelala na mtu mmoja aliyekasirika tangu ujana, inatosha. Mtaa mzima sitauweza."

Zikapita siku za ajabu. Vichwa nusu havikuwa na pa kwenda. Spika alikuwa akiuza simu dukani kwa mtu, bosi akamwambia asirudi mpaka achague upande. Mwingine mchumba wake alikubali kutembea naye, lakini kulia kwake tu. Basi wakawa wanashinda kwenye benchi la kinyozi toka asubuhi, wameegemea ukuta, wote wamegeuza upande ule ule. Mpita njia alidhani ni hospitali.

Na watu wakikaa benchi moja kutwa, watasema nini? Wiki ya kwanza walimtukana Chaji. Matusi yakaisha. Wakaanza kumtukana Diwani. Hayo yalichukua muda zaidi. Kisha mmoja akauliza, "Hivi kwenye ile karatasi yuko nani mwingine?" Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Ikabidi watoke wakasome ukutani.

Alikuwepo wa tatu. Nesi mstaafu, bango lake dogo kama tangazo la chumba cha kupanga. Wakamwita. Akaja na mkoba, hakukaa.

"Ukichaguliwa, kitu cha kwanza utafanya nini?" Spika akamwuliza, na chupa ya maji amemwekea mbele kabisa, kumjaribu.

"Mtaro," akasema nesi.

"Na cha pili?"

"Mtaro ni mrefu, mwanangu." Hakugusa maji. Akaangalia saa, akaondoka.

Diwani naye akasikia, akaja na watu wake, akicheka cheka. Mama Kinyozi akampangusia kiti kwa heshima zote. Lakini Diwani alikuwa na upara unaong'aa, hakukuwa na pa kumshika. Akajibu kila swali kwa kusema ni swali zuri. Akaondoka mzima.

Siku ya kura ikafika. Fundi alidhani atageukia ukuta kama kawaida, mkewe akavuta shuka.

"Amka ukanibebee mkoba."

"Mimi sina kadi."

"Nani kakuambia upige kura? Nimesema mkoba."

Kituo kilikuwa shuleni. Foleni ilishazunguka uzio. Vichwa nusu vilikuwepo vyote, hakuna aliyekosa, na watu wengine kwenye foleni walikuwa wakicheka mpaka wanashikana. Mama Kinyozi alisimama katikati, kitambaa kipya kichwani, ametulia kama bibi harusi.

Spika ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika getini. Afisa akanyoosha mkono, akamzuia.

"Alama za kampeni haziingii ndani ya uzio."

"Alama gani? Sina hata kofia."

"Hiyo." Akaelekeza kidole juu ya sikio la kushoto.

"Hizi ni nywele."

"Ni nywele za mgombea."

"Zimeota kwangu!"

"Zimeota kwako, lakini zinamfanyia kampeni yeye."

"Afande, zinamfanyia kampeni nani? Mwenyewe yuko kwa mama yake!"

Afisa akapiga simu kwa wakubwa. Akasikiliza, akitikisa kichwa. Akakata. "Wamesema ni marufuku fulana, kofia, bendera na mengineyo. Nywele ni mengineyo." Akawatazama wote waliokuwa nyuma, radi kwa radi. "Wote mkanyoe. Mkirudi safi, mtaingia."

Wasichana wa nusu kusuka wakapita mbele yao wakicheka. "Poleni! Nywele zetu sisi hazina chama!"

Vijana wakageuka wakamtazama Mama Kinyozi. Fundi naye akamtazama. Jambo lilikuwa wazi, wala halikuhitaji aliyesoma. Kamba aliyokuwa amewashikia ilikuwa ni hiyo nusu. Akinyoa sasa, kabla ya wino, hana tena cha kuwashikia. Asiponyoa, hawaingii. Kila mmoja alijua, na walijua kwamba yeye anajua.

Alivuta midomo ndani. Kisha akamwambia mumewe, "Kalete bakuli, sabuni na pakiti ya nyembe. Kimbia."

Fundi alikimbia. Watu waliomwona siku ile walidhani duka linaungua.

Aliporudi, mkewe alikuwa amepata jiwe nje ya geti. Akamkalisha Spika. Hakuna umeme, hakuna kioo, wembe na mkono tu. Fundi alishika bakuli. Radi ikaanguka vumbini vipande vipande. Mama Kinyozi akapangusa, akampiga begani.

"Umekwisha."

Spika akasimama. Akajipapasa kichwa chote kwa mikono miwili.

"Nimekwisha kabisa?"

"Kabisa."

"Kwa hiyo naweza kwenda."

"Unaweza."

Spika akatazama geti. Akatazama foleni, ambayo sasa mwisho wake ulikuwa mbali kule. Akatazama barabara ya kurudi nyumbani. Akashika barabara.

Fundi aliona mgongo wa yule kijana unapungua, akajisikia kama anajitazama mwenyewe siku ile, na kiti hana. Bakuli likamwagika kidogo.

"Wa pili," Mama Kinyozi akasema. Mkono wake haukuwa umewahi kukosea, siku hiyo ulimkata wa pili juu ya sikio. Kijana hakulalamika. Alipomalizwa alisimama kando, damu kidogo shingoni, akitazama barabara. Wa tatu naye, na wa nne. Hawakwenda nyumbani, hawakwenda kwenye foleni. Walisimama pale vipara vinang'aa, kama watu walioshuka gari na hawajui kama ndipo.

Mara kelele. Sauti inayotangulia mwenyewe.

"Pisheni! Pisheni jamani!"

Spika, anakimbia, ndoo ya maji mkono mmoja, stuli ya kinyozi mkono wa pili.

"Hivi nyie mna akili? Mnamwinamisha Mama juu ya jiwe na hayo maji kama ya kuoshea sufuria? Ndiyo maana unakata watu! Mama, kaa hapa. Mzee, mwaga hayo."

Fundi akamwaga. Spika akajaza bakuli, akaipigapiga stuli ikae sawa, akajifuta mikono kwenye suruali. Kisha, bila kumtazama mtu, akatembea mpaka mwisho wa foleni, akasimama nyuma ya mwanamke mwenye mtoto. Wa pili akamfuata. Wa tatu akamfuata.

Mama Kinyozi alinyoa mpaka kichwa cha mwisho. Aliyekwisha alikwenda kwenye foleni, na mwishowe yeye mwenyewe akasimama nyuma yao wote. Ndani, karani alitazama picha ya kadi, yenye radi mbili, akatazama kichwa cha mbele yake, kama yai. Mwanzoni aliuliza maswali. Baadaye alichoka akawa anatazama masikio tu.

Afisa wa geti akamwendea fundi, ambaye bado alikuwa amekumbatia bakuli.

"Na wewe, mzee? Kadi yako iko wapi?"

"Kwenye kiatu."

"Basi vua."

"Si changu."

Matokeo yakatangazwa. Diwani alishinda. Nesi alikuwa wa pili, karibu kabisa, mpaka Diwani alipokuwa akishukuru alionekana akimeza mate. Chaji alipata kura chache, na benchi zima lilimtuhumu Spika, naye akaapa kwa sauti iliyosikika barabara ya pili. Wiki ile ile Diwani alionekana amesimama kwenye mtaro na koleo jipya, anatazama huku na huku kama yuko mtu anayemtazama. Walikuwepo. Benchi lote lilimtazama.

Mama Kinyozi hakukaa sana baada ya hapo. Alianza kusema amechoka, neno ambalo siku zote alilitumia kwa mashine tu. Alipozikwa, vijana walimbeba. Nywele zao zilikuwa zimeanza kuota, zote kwa usawa. Kinyozi wa Ng'ambo alifunga duka. Fundi alitembea nyuma na ndevu zake, hakuna aliyemwambia kitu.

Lakini siku iliyofuata matokeo, kabla ya hayo yote, walikuwa wawili dukani wanakunja mataulo. Fundi alikuwa na swali lililomkaa tangu getini. Hakuwa mtu wa kuuliza. Akauliza. Baada ya kuwamaliza wote, alisema, uliporudi kusimama kwenye foleni mwisho kabisa, nao wako mbele, huru, jua kali, hukuogopa kwamba mmoja ataondoka na wengine wafuate?

Mkewe alikunja taulo, akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja. Akasema:

"Nilikuwa nyuma yao, mzee wangu. Visogo vile navijua kuliko mama zao. Hakuna kilichogeuka kutazama barabara. Kimoja tu, na kile kilikuwa kinawashwa na nywele."